Kunguru wa Serikali

Dalali alihesabu kwa kidole. Alianzia pembeni mwa boneti, karibu na taa ya kulia, akawa anagusa doa moja moja na kutaja nambari kwa sauti, kama mwalimu wa chuoni anayehesabu watoto kabla ya kuwaruhusu kwenda kwao. Alipofika 17 akasimama, akafuta kidole kwenye suruali, akamwambia Ami, "Laki sita zimeshaondoka hapa, mzee wangu. Boneti hii inataka rangi."

Ami akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ufunguo. Gari lilikuwa la Baba, Toyota Carina ya buluu iliyokoza, na lilikuwa limeingia kwenye mirathi. Kila laki iliyopungua ilipungua kwa hesabu inayojulikana: thumuni ya Mama, mafungu mawili ya kaka yangu, fungu moja langu. Nikasema kunguru ndio walioharibu. Ami akatikisa kichwa, dalali akatikisa kichwa, sote watatu tukainua macho kuwatazama kunguru juu ya mkungu, na wao hawakuwa na la kujitetea.

Sijamwambia mtu mpaka leo kwamba madoa sita kati ya yale 17 hayakuwa ya kunguru. Yalikuwa yangu.

Tunakaa Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Waliochora ramani zake hawakufikiria sana kwamba mkaazi wake angekuja kumiliki gari, kwa hiyo magari hulala popote: pembeni mwa njia, juu ya mtaro, mbele ya duka la mtu. Baba alikuwa na nafasi yake chini ya mkungu, nayo ilikuwa na heshima kama ya pembe ya mzee barazani. Hakuna mwengine aliyeegesha pale. Ilikuwa nafasi pekee yenye kivuli kutwa nzima. Ilikuwa pia chini ya kitanda cha kunguru.

Kunguru hawa hawalali mmoja mmoja. Jua likianza kushuka hurudi kwa makundi kutoka majaani, sokoni na pwani, wakagombea matawi kwa kelele mpaka adhana ya magharibi iwapite, kisha usiku mzima wanatoa walichokula mchana. Anayeegesha juani, rangi ya gari lake hupauka na dashibodi hupasuka. Anayeegesha kivulini hulipa kodi ya kivuli. Baba alichagua kodi, na aliilipa kila siku baada ya sala ya alfajiri.

Alikuwa na kopo la maji ya uvuguvugu na vipande vya kanga za Mama zilizochakaa. Hakusugua hata siku moja. Alichovya kitambaa, akakilaza kikiwa kinachuruzika juu ya kila doa, kimoja hapa, kimoja pale, mpaka boneti ikaonekana kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Kisha akapanda juu kunywa chai. Aliporudi, aliviinua vitambaa kwa ncha za vidole kwenda juu, na uchafu ukaja navyo. Akamwagia maji, akapangusa kwa kitambaa kikavu, basi. Yote haya yalikuwa yamekwisha kabla jua halijaifikia boneti. Nilipokuwa mdogo nilidhani ile dakika 15 ya chai ni uvivu. "Unaweka, unasubiri," alikuwa akisema, "halafu unainua." Alisema hivyo hivyo kuhusu mengi, nami sikuwa nasikiliza.

Baba alifariki ghafla, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, na gari likabaki pale pale chini ya mkungu kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda popote. Wiki ya pili nikachungulia dirishani nikaliona: boneti, kioo cha mbele, paa, vyote vimetapakaa meupe. Nikaona aibu. Niliona kama majirani wanatusoma kupitia gari lile. Nikashuka saa saba mchana, jua la utosini, nikiwa na sifongo ya kuoshea sufuria, nikatumia upande wake wa kijani. Nilisugua kwa hasira na nilikuwa nalia. Madoa sita yalitoka. Na pale yalipotoka pakabaki miduara ya mikwaruzo, myeupe, ambayo maji yakikauka inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Nikaacha. Siku ya pili nikapanda boti kurudi Dar es Salaam, chuoni.

Kwa wale wasiowahi kulichunguza doa la ndege, na sikulaumu kama hujawahi, lina sehemu mbili. Ndege hana njia mbili za kutolea uchafu kama sisi; mkojo na kinyesi hupitia tundu moja na kutoka pamoja. Kile kiini cheusi au cha kijani ndicho kinyesi. Ule uji mweupe unaokizunguka ndio mkojo wake, ambao si maji bali ni asidi ya yuriki, chembe ndogo ndogo nyeupe zisizoyeyuka kwa urahisi. Ndani yake mna vingine alivyokula kunguru wa mjini: mchanga, vipande vya miba ya samaki, mbegu. Ukisugua vikavu, unasugua gari kwa msasa.

Watu husema asidi ndiyo inayokula rangi. Asidi ipo, lakini jambo kubwa zaidi ni joto. Magari ya siku hizi yana tabaka la vanishi juu ya rangi. Jua likiwaka, na gari likiwa la rangi iliyokoza, vanishi ile hutanuka na kulegea kidogo. Jioni hupoa na kukaza tena. Mahali palipo na uchafu uliokauka, vanishi hukaza kwa kufuata umbo la uchafu ule, na vishimo vyake vyote. Ndiyo maana baada ya kuosha unaona kivuli hafifu na unadhani bado pana uchafu. Hapana uchafu pale. Kilichobaki ni muhuri. Sabuni haiondoi muhuri. Linatakiwa dawa la kung'arishia na mkono wa fundi, au rangi mpya. Baba hakuwahi kusoma habari hizi popote. Alijua tu kwamba lazima amalize kabla ya jua.

Sasa, jambo ambalo linanifanya niandike. Wakati ule ule nilipokuwa nikiikwaruza boneti ya Baba, nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu ni kuhusu taka. Nani alizizoa, nani alizilipia na zilitupwa wapi, katika mji wa Unguja, tangu zama za masultani hadi za Waingereza. Wenzangu wanaandika kuhusu vyama vya siasa na vita vya ukombozi. Mimi naandika kuhusu majaa. Nilikuwa nimekwisha kumkuta kunguru kwenye usomaji wangu, sentensi moja hapa, nusu sentensi pale, nikampita. Niliporudi chuoni na kucha zangu bado zina weupe, nikamrudia.

Zanzibar ya karne ya 19 ilisifiwa kwa karafuu na kulaumiwa kwa harufu. David Livingstone alipopita hapa mwaka 1866, akijiandaa kwa safari yake ya mwisho, aliuchezea mji jina, akaligeuza kwa Kiingereza liwe na maana ya uvundo. Alichokuwa akikitazama ni ufukwe ambao wakaazi waliufanya jaa, wakiutegemea mkondo wa maji uwasaidie kuchukua. Mzungu aliyeinusa Zanzibar ni wa kusikilizwa kwa tahadhari, kwani kwao hakukuwa na manukato: mwaka 1858 Mto Thames ulinuka mpaka mapazia ya Bunge la Uingereza yakaloweshwa dawa ili wabunge waweze kukaa. Mwaka huo huo wa 1858 ndio aliozaliwa Gerald Portal. Mkumbuke.

Lakini uchafu wetu haukuwa porojo za wageni tu. Kipindupindu cha 1869 hadi 1870 kiliua maelfu ya watu kisiwani, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini wakati ule, aliandika kitabu kizima, kilichotoka 1876, akifuatilia njia ambazo ugonjwa huo ulipita Afrika Mashariki. Miaka ya 1880 Sultani Barghash akavuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, kazi kubwa ambayo babu zetu waliizungumza kwa muda mrefu. Maji safi yakaingia. Njia ya taka kutoka haikupata mtu wa kuishughulikia kwa bidii ile. Zilikwenda ufukweni, na zilikwenda kwenye hori la maji ya chumvi lililotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, hori ambalo daraja lake ndilo lililoipa Darajani jina. Hori lenyewe lilifukiwa kidogo kidogo mpaka ndani ya karne ya 20. Barabara inayopita pale leo, ya Benjamin Mkapa, zamani iliitwa kwa Kiingereza Barabara ya Hori.

Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka uliofuata akaja Gerald Portal kuwa mwakilishi wa Uingereza, kijana wa miaka 33, na jambo kubwa la kwanza alilolifanya lilikuwa la kihasibu: aliishika hazina. Mapato ya nchi yakatolewa mkononi mwa Sultani Ali bin Said, naye akawekewa posho maalumu. Lloyd Mathews akawekwa kuwa Waziri wa Kwanza. Na Februari 1892 Unguja ikatangazwa bandari huru. Nimesoma habari za miezi ile mara nyingi, na kinachonijia ni sura ya mtu anayetembea ndani ya nyumba ya mwenziwe akiuliza kila kitu kinagharimu nini.

Hapo ndipo anapoingia kunguru. Si kunguru wetu wa asili, yule mkubwa mwenye kifua cheupe aliyetoa methali zetu. Huyu ni mwembamba, mweusi, ana shingo ya kijivu, ametoka India, na anayetajwa kwa kawaida kuwa ndiye aliyemwagiza ni Portal. Kazi aliyoagiziwa ilikuwa moja: ale taka za mji.

Fikra yenyewe haikuwa ya ajabu kwa afisa wa dola ya Kiingereza. Kule Calcutta kulikuwa na korongo mkubwa mwenye kipara, aitwaye hargila, aliyekuwa akila mizoga na taka za mji. Watawala walimthamini hata sheria ikamlinda kwa faini, na ndege hao wawili wakachorwa kwenye nembo ya halmashauri ya jiji. Ndugu yake wa Afrika bado anafanya kazi hiyo Kampala, ambako wenye magari wanamjua kwa jina la kalooli na hawamtaji kwa wema. Kunguru na mwewe nao walikuwa sehemu ya usafi wa miji ya India. Kwa hiyo mtu aliyezoea habari za India, akaiona Unguja na ufukwe wake, akafungua daftari lake la hesabu, hakuhitaji kufikiri sana. Mfagiaji anataka mshahara. Mkokoteni unataka punda, punda anataka majani, na taka zote zinataka mahali pa kumwagwa. Ndege hadai mshahara, haugui siku ya kazi, na huzaana mwenyewe.

Tuna msemo kwamba kunguru hafugiki. Hutumika zaidi kumsema mwanamke, na siupendi kwa sababu hiyo, lakini nilipokuwa nikisoma ulinijia kichwani mara nyingi. Portal hakutaka kumfuga kunguru. Alitaka kumwajiri. Na hesabu ya kumwajiri ilikuwa sahihi kabisa upande mmoja: kila kilichoingia mdomoni kilipungua jaani. Upande wa pili, ule wa nyuma ya ndege, haukuandikwa. Taka hazikuondoka mjini. Ziliruka kutoka jaani, zikapita ndani ya ndege, zikashuka usiku juu ya mapaa ya nyumba ambayo maji yake ya mvua watu walikuwa wakiyakinga, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya vibaraza. Na kila asubuhi palikuwa na mtu wa kuzifuta bila kulipwa.

Kuhusu mwaka walioletwa, waandishi hawaafikiani. Wengine husema 1891, wengine 1897. Tofauti ya miaka sita inaonekana ndogo, ila ina kichekesho ndani yake. Portal aliondoka Unguja Januari 1893 kwenda Uganda, kupima kama Uingereza iishike nchi ile au iiache. Alirudi kwao na kufa London Januari 1894, hajatimiza miaka 36, kwa homa ya matumbo, ugonjwa wa maji na chakula vilivyoguswa na kinyesi. Ikiwa 1897 ndiyo sahihi, basi kunguru waliteremka bandarini miaka mitatu baada ya mwajiri wao kuzikwa. Kwa tasnifu yangu hilo ni jambo la kufuatilia. Kwa boneti ya Baba halibadilishi kitu.

Haikupita miaka 30 tangu waletwe, na watu waliokuwa wakisaidiwa nao wakawa wanawalalamikia. Kunguru huyu haishi msituni. Popote alipo duniani yuko karibu na binadamu, na idadi yake hufuata idadi ya jaa. Mji ulipokua, alikua nao. Alikula taka, halafu akala vifaranga vya kuku, halafu mayai na makinda ya ndege wadogo, mpaka ndege wa asili, akina chozi na mnana, wakapungua katika miji yote aliyoingia. Hata kunguru wetu mwenye kifua cheupe alisogezwa pembeni. Akavuka bahari kwenda bara: Dar es Salaam, Tanga, na kufikia 1947 akaonekana Mombasa. Ni ndege anayejua kupanda meli. Mwaka 1994 wenzake wawili walijitokeza hata Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi yenye baridi, wakazaliana pale, na suala la kuwaua likafika mahakamani.

Waliomwajiri kunguru walifikiria namna ya kumwingiza kazini. Namna ya kumwachisha kazi imewashinda serikali zote zilizofuata, za kikoloni na za kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 paliendeshwa kampeni hapa Unguja, ya mitego na sumu, kwa fedha za msaada. Kunguru walipungua sana, fedha zikaisha, kunguru wakarudi. Dar es Salaam nako wametegwa na kulishwa sumu. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza kwamba ingewaua kunguru milioni moja katika miji yake ya pwani kabla ya mwaka kwisha.

Sumu inayotumika zaidi ilibuniwa Marekani kwa ajili ya ndege wengine waharibifu, nayo hufanya kazi polepole, siku moja au zaidi, ili ndege asife mbele ya wenzake wakashtuka. Niliposoma namna inavyoua nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Inaharibu figo. Asidi ya yuriki, ule weupe wenyewe, haitoki tena. Inajaa kwenye damu ya ndege na kuganda juu ya viungo vyake vya ndani, hata ukimpasua unamkuta moyo umepakwa unga mweupe. Ndege aliyeletwa ili abebe uchafu wetu anauawa kwa kuzuiwa asiutoe. Sina hakika nifanye nini na habari hiyo. Msimamizi wangu alisema niiondoe kwenye sura ya nne kwa sababu ni ya kemia, si ya historia. Nimeiondoa, nimeileta huku.

Sidai kwamba kunguru waachwe. Anayekuja Unguja kama mgeni anaweza kuwaona wazuri jioni wanapokusanyika. Mimi nimekua nao na najua jirani aliyepoteza vifaranga 11 kwa siku mbili. Ila kila ninaposikia mpango wa sumu natazama jaa liko wapi, na mara nyingi lipo pale pale, wazi, na chakula kimejaa. Tunamfukuza mfanyakazi huku tukiendelea kumlipa.

Eda ya Mama ilipokwisha nilirudi. Ami alikuwa ameshampata dalali, na yale mengine nimekwisha kuyasimulia. Baada ya dalali kuondoka na laki sita zake, mteja mwenyewe akasema atakuja kulichukua gari Jumamosi asubuhi, lioshwe. Ijumaa usiku kunguru walifanya kazi yao kama kawaida.

Jumamosi niliamka kabla ya adhana. Nilidhani nitakuwa peke yangu, lakini Mama alikuwa jikoni amekwisha kupasha maji. Alishuka nami, mara yake ya kwanza kulisogelea gari, akiwa amebeba vipande vya kanga kwenye beseni. Hatukuzungumza. Nilichovya, nikalaza. Yeye akalaza upande wa pili. Tulipomaliza vitambaa vikawa 20 na kitu, na giza bado lipo, na juu yetu walikuwa wameanza kujinyoosha na kuulizana.

"Sasa tunakwenda kunywa chai," Mama akasema.

Tulikunywa chai. Tuliporudi vikainuka vyote, kama alivyokuwa akifanya, na chini yake gari lilikuwa la buluu. Mama akapitisha kiganja juu ya boneti, polepole, na kikafika kwenye ile miduara sita. Akaigusa. Akajua. Mtu aliyeishi miaka 31 na mwanamume anayelaza vitambaa hawezi kuikosea alama ya sifongo ya jikoni kwake.

"Hii ni ya siku gani?" akauliza.

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisimwage maji machafu mtaroni, nimpelekee juu, mirehani yake inayapenda. Nikakumbuka kwamba karne ile ile ya Portal mataifa yalikuwa yakigombea visiwa vizima vya mavi ya ndege kwa ajili ya mbolea, na Marekani ilitunga sheria mwaka 1856 ya kumruhusu raia wake avidai kwa niaba ya nchi. Nilitaka kumweleza, nikaona si wakati wake. Nikabeba beseni.

Mteja akaja saa tatu, akahesabu fedha mbele ya Ami, akaondoka na gari. Pale lilipokuwa limesimama kwa miezi palibaki umbo lake juu ya sakafu: mstatili wa saruji safi, na kuuzunguka pande zote nne, weupe mtupu.

Asubuhi ya pili jirani wa ghorofa ya tatu alikuwa amekwisha kuegesha Noah yake pale, nyeusi, mpya. Nilimkuta amesimama mbele yake na tambara kavu mkononi, anatukana kunguru, ameshaliinua tambara kusugua. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, kaka. Nikuletee maji."